Kimya cha Lambo

Iko nchi, na usiniulize ipo upande gani, maana ramani yake imefungiwa katika kabati la wizara na mwenye ufunguo yuko semina. Ni nchi njema. Watu wake wanalima, wanaoana na wanazikana, na serikali yao inawapenda kiasi kwamba haitaki hata masikio yao yakae bure.

Upendo huo uliandikwa sheria baada ya Mheshimiwa Mkuu wa Nchi kwenda ziara, akawasha redio ya gari akakuta kimya. Mheshimiwa alijua, kama wajuavyo wakuu wote, kwamba redio ikinyamaza ghafla maana yake kuna mtu ameingia studio na karatasi yake mfukoni. Akaamuru msafara ugeuze, akarudi mbio ikulu, akamuuliza askari wa langoni kama yeye bado ndiye yeye. Askari akapiga saluti, akasema ndiye. Baadaye ikajulikana kwamba dereva alikuwa ameigusa swichi kwa goti. Dereva alisamehewa. Kimya hakikusamehewa.

Ndipo ilipozaliwa Sheria ya Hewa Isiyokaa Bure. Kila kituo cha redio, kikubwa kwa kidogo, kitasema au kuimba saa kumi na nane kwa siku. Dakika moja ya kimya ni kosa. Makosa matatu, masafa yanarudi serikalini na mlingoti unang'olewa. Vituo vidogo, kwa kuhurumiwa udogo wao, vilipewa siku arobaini za kujifunza kutonyamaza.

Barua ya sheria hiyo ilimfikia Bi Chausiku Mbaruku wa mji wa Lambo akiwa anafagia. Chausiku alikuwa mkurugenzi, mtangazaji na mfagiaji wa Radio Lambo, na siku hiyo zamu ya tatu ndiyo iliyokuwa imeanza. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la vitunguu la ushirika, na mlingoti wa bomba la maji juu ya paa. Mtambo ulikuwa wa wati kumi, nguvu ya balbu ya chooni. Sauti ikitoka hapo ilipita mashamba, ikafika kona ya kilima, ikachoka.

Mfanyakazi mwingine alikuwa Hemedi, mdogo wake, fundi mitambo, mtu wa maneno machache mwenye kovu la jembe utosini. Kovu hilo ndilo lililoleta redio. Lambo wanalima vitunguu kwa mfereji mmoja, na kila shamba lina zamu yake ya maji. Zamani zamu hizo zilipelekwa kwa mdomo, na mdomo wa mtu mwenye kitunguu kinachonyauka huwa hausemi sawasawa. Kila mtu alikuwa na zamu aliyoambiwa na shemeji yake. Watu walikutana mferejini alfajiri, kila mmoja na jembe lake, na si kwa kulima. Mwaka ule Hemedi alipopasuliwa kichwa, mwingine alizikwa. Ushirika ukauza magunia, ukanunua mtambo, na tangu hapo Chausiku alisoma zamu za maji kila siku saa kumi na moja alfajiri. Zamu ikishasomwa hewani, kila mtu ameisikia, na kila mtu anajua kwamba mwenzake ameisikia. Ilikuwa miaka tisa sasa hajapigwa mtu.

Baada ya zamu alisoma misiba, bei ya gunia na nani ameokota nini. Akimaliza aliweka taarabu kidogo, kisha akazima mtambo akaenda shambani. Ukijumlisha vyote, ilikuwa saa sita. Sheria ilitaka kumi na nane.

"Dada, tuna deni la saa kumi na mbili," alisema Hemedi.

"Kila siku," alisema Chausiku. Akaketi juu ya gunia. Hakuwa akiuwazia mlingoti. Aliliwazia kovu la mdogo wake.

*

Wiki ya kwanza walijaribu wenyewe. Hemedi alisoma maelezo ya bomba la kunyunyizia dawa, ya kikwetu na ya kigeni, pamoja na yale yaliyoandikwa kwa Kichina, ambayo aliyasoma kwa kuyaeleza sura. Kwaya ya kanisa iliimba mpaka sauti ya pili ikakauka. Kikundi cha kasida kikaja kuipokea, nacho kikakauka. Mwalimu mstaafu wa hesabu alijitolea kutoa somo la jedwali la kuzidisha, akafika kumi na saba mara kumi na saba akaanza kulia, sababu anaijua mwenyewe. Mwisho wa wiki mji mzima ulikuwa umepoteza sauti, na watu wakiulizana bei sokoni walitumia vidole.

Ndipo mtu wa ushirika alipomwambia Chausiku kwamba makao makuu ipo ofisi inayogawa vipindi. Vipindi vilivyokwisha tengenezwa, vya kuchukua na kurusha, na kwa vituo vidogo ni bure kabisa.

"Bure?" aliuliza Chausiku.

"Bure."

"Basi sitarudi upesi," alisema Chausiku, mtu aliyeijua nchi yake. Akafunga nguo za siku nne.

*

Idara ya Vipindi vya Bure ilikuwa ghorofa ya tano, na mkuu wake alikuwa Bwana Tamimu, Kaimu Naibu Mkurugenzi Msaidizi. Alikuwa mnene, mpole, na juu ya meza yake palikuwa na redio tatu zikisema kwa pamoja, ili kuonyesha mfano. Alimpokea Chausiku kwa mikono miwili.

"Mama, umefika nyumbani. Kuna watu katika nchi hii wanahangaika kutafuta maneno ya kusema, na hapa maneno yamejaa mpaka tunayawekea dawa ya mende. Chagua."

Akampa orodha. Chausiku aliisoma kwa adabu, ukurasa baada ya ukurasa. Kulikuwa na *Afya ya Nyangumi*, sehemu arobaini, msaada wa taifa rafiki. Kulikuwa na *Tujifunze Kuendesha Gari Kwenye Theluji*. Kulikuwa na *Hotuba Ambazo Hazikupata Nafasi ya Kutolewa*, na kilichopendwa kuliko vyote na wizara, *Mheshimiwa Waziri Azungumza na Mheshimiwa Waziri*, ambamo waziri alijiuliza maswali magumu na kujijibu bila woga. Hicho kilikuwa kimefika sehemu ya mia tatu na kumi na mbili.

"Nitachukua vyote," alisema Chausiku. Mwenye njaa hachagui kitoweo.

Bwana Tamimu alifurahi, kisha akaweka kiganja juu ya orodha. "Kuna jambo dogo tu. Vipindi hivi ni vya wahitaji. Itabidi uthibitishe uhitaji."

"Nina saa kumi na mbili za kimya kila siku, mheshimiwa."

"Ndivyo wasemavyo wote, mama. Juzi tu alikuja mmoja hapa akasema ana kimya, tukampa nyangumi, kumbe ana bendi mbili na mchekeshaji. Tangu hapo kamati inataka kusikia kwa masikio yake. Utatuletea saa moja ya kimya chako, kilichorekodiwa kituoni, na mhuri wa mtendaji."

Chausiku alimtazama. "Kimya si ndicho kosa? Nikikileta hapa si nitakuwa nimejishtaki?"

"Kimya cha hewani ni kosa," alisema Bwana Tamimu kwa upole. "Kimya kilicho mkononi ni kielelezo. Zima mtambo, urekodi. Nchi ina sheria, mama, lakini pia ina huruma."

*

Hakuna aliyejua kuwa Lambo hapana kimya mpaka siku kilipotafutwa. Mara ya kwanza Hemedi alipobonyeza kinasa sauti, punda wa jirani alikumbuka jambo. Mara ya pili ilikuwa mashine ya kusaga. Mara ya tatu kila kitu kilinyamaza, hata upepo, halafu tumbo la Hemedi likazungumza dakika nzima, na alipoulizwa alisema ni maharage.

Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, watu wote walikuwa bondeni wakivuna. Chausiku alifungua dirisha la upande wa mfereji kwa sababu ya joto, Hemedi akabonyeza, wakaketi wakitazamana. Saa ikapita. Ndani ya saa hiyo maji yalipita mferejini. Kuku alitembea juu ya majani makavu, akasimama, akaendelea. Mbali sana mtu aligongagonga mpini wa jembe auingize vizuri. Katikati mwanamke alipita nje akasema "hodi wenyewe", akangoja, hakujibiwa, akasema "haya", akaenda zake. Basi.

"Hiki ndicho kimya chetu," alisema Chausiku. "Kama hawakitaki, hatuna kingine."

Mtendaji wa kata alikisikiliza dakika tano, akatoa mhuri. Tatizo lilikuwa fomu. Serikali ilikuwa na fomu moja tu ya vitu vya redio, na mstari wake wa kwanza uliandikwa *Jina la kipindi*.

"Hiki si kipindi," alisema Chausiku. "Ni kielelezo cha kukosa kipindi. Acha wazi hapo."

"Fomu haiachwi wazi, Bi Chausiku," alisema mtendaji. "Ukiacha wazi, mtu mwingine atajaza, na hujui atajaza nini. Mimi niliacha wazi mahali pa cheo mwaka nilioajiriwa, ndiyo maana mpaka leo kwenye faili mimi ni mkunga."

Chausiku akaandika: *Kimya cha Lambo*.

*

Kamati ilikuwa na watu watano. Waliingia wakizungumza, wakaketi wakizungumza, na mwenyekiti akafungua kikao kwa maneno machache yaliyochukua dakika ishirini. Kisha Bwana Tamimu akazima redio zake tatu, akachomeka flashi, kimya cha Lambo kikaanza.

Dakika za mwanzo walikohoa. Mjumbe mmoja alitoa kalamu ili aandike alichosikia, akaiweka chini. Kuku alipotembea, wote walitazama chini ya meza. Dakika ya ishirini mjumbe mwingine, mzito, mwenye suti ya kijivu, alivua viatu. Ilipofika pale mwanamke anasema "hodi wenyewe", mwenyekiti alijibu "karibu" kabla hajajijua, na hakuna aliyemcheka. Saa ilipokwisha walibaki wameketi. Katika miaka kumi na mitano ya kazi walikuwa hawajakaa mahali wasipoambiwa jambo.

"Kielelezo kimekubaliwa," alisema mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama aende. Ataletewa vipindi."

Sasa ofisi ile ilikuwa na makabati mawili tu, la Vilivyokataliwa na la Vilivyokubaliwa. Karani wa masijala hakuwa mtu wa kufikiri zaidi ya mshahara wake. Alitazama flashi, ina fomu. Akatazama fomu, ina jina la kipindi, ina dakika, ina mhuri. Akaitia katika kabati la pili. Na kila kilichoingia kabati la pili hunakiliwa mwisho wa mwezi na kupelekwa kwa vituo vidogo vyote sitini na vitatu vya nchi ile, pamoja na waraka unaosema: *Kirushwe kama kilivyo. Hairuhusiwi kukata wala kupunguza.*

*

Mzigo wa vipindi vya bure ulifika Lambo siku ya thelathini na tisa. Hemedi alivipanga mezani: nyangumi, theluji, waziri na mwenzake. Akashika cha mwisho, akakigeuza.

"Dada, hiki ni sisi."

Chausiku alisoma: *Kimya cha Lambo, dakika 60, kila siku saa kumi jioni.* Akasoma tena. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona mhuri. "Si tunaambiwa tusinyamaze? Leo tunaambiwa tunyamaze kwa mhuri?"

"Cha serikali hakiulizwi," alisema Hemedi, akakiweka kwenye ratiba.

Watu wa Lambo walipokisikia walitoka nje kuangalia kama ni redio au ni mferejini kwao, wakakuta ni vyote viwili, wakarudi kwenye kazi zao. Kwao halikuwa jambo. Lakini kona ya kilima ilikuwa na nchi nzima nyuma yake, na huko watu hawakuwa wamesikia kuku akitembea tangu sheria ipite. Saa kumi jioni mafundi cherehani waliinua miguu kwenye pedali. Vinyozi waliacha kuwasimulia wateja habari za mpira. Katika mji mmoja wa kusini, mume na mke waliokuwa wakisemezana kupitia mtoto kwa miaka sita, redio ilipowaachia nafasi, mume alisema, "Chumvi imezidi kidogo," na mke akajibu, "Nimeona," wakapatana. Barua zilimiminika wizarani. Ndicho kipindi cha bure cha kwanza katika historia ya nchi ile kilichoombwa kirudiwe.

Mheshimiwa Mkuu wa Nchi naye alikisikia garini. Walinzi walishika silaha. Lakini Mheshimiwa aliuliza jina la kipindi, akaambiwa, akaegemea kiti akalala usingizi, na alipoamka alikuwa bado ni yeye.

*

Jambo likipendwa na wananchi, serikali ya nchi ile haiwezi kuliacha hivi hivi bila kuliendeleza. Waziri aliona si adabu kimya cha taifa kuanza bila kukaribishwa, akakitungia utangulizi wa dakika arobaini wenye kichwa "Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu". Ikabidi kimya kipunguzwe kiwe dakika ishirini. Mtaalamu akashauri wananchi wa kawaida wasiachwe wakajitafsirie wenyewe. Akawekwa mtangazaji wa kukieleza kinavyokwenda. "Sasa ni maji," alisema. "Maji yanaendelea. Huyo ni kuku, mpendwa msikilizaji. Kuku anatafakari." Vinyozi wakarudi kwenye mpira.

Wasikilizaji walipopungua, waziri aliunda tume, na tume ikagundua kwamba tatizo ni kimya kuchacha. Kilikuwa kile kile kila siku. Wananchi walihitaji kimya kibichi. Ikatolewa amri: utangulizi na maelezo viondolewe kwa muda wa majaribio, na kuanzia mwezi ule kimya kirushwe moja kwa moja kutoka Lambo kila jioni, saa nzima, kwa waya wa simu hadi makao makuu na kutoka huko hadi vituo vyote. Lambo ikatangazwa Eneo la Uzalishaji wa Kimya.

Kwa amri hiyo, wenye mashine ya kusaga walihamishiwa ng'ambo ya kilima. Punda alipewa uhamisho. Kuku aliandikishwa. Na akaletwa afisa, Mlinzi wa Kimya, kijana mrefu aitwaye Kidawa wa Pili, mwenye viatu vya raba na barua ndefu. Alimpa Chausiku barua, kwa sababu hakuruhusiwa kupaza sauti.

Ilisema: *Ili kulinda ubora wa zao hili, Radio Lambo isirushe maneno yoyote ya mtaa, ambayo huwazoeza wakazi kelele. Itarusha vipindi vya bure tu.*

Chausiku aliisoma amesimama. "Na zamu za maji?"

Afisa alinong'ona kwamba zamu za maji ni maneno ya mtaa.

"Mwanangu," alisema Chausiku, "hiyo redio nzima iko hapo kwa ajili ya zamu za maji. Mimi nilikwenda kwenu kuomba vipindi ili niruhusiwe kuzisoma. Mmenipa vipindi, sasa mnaninyima zamu. Nilikwenda kutafuta nini, basi?"

Afisa alitazama raba zake. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake haukuwa na kifungu katika barua.

Alfajiri ya kwanza, saa kumi na moja, Radio Lambo ilitoa *Afya ya Nyangumi*. Watu walisikiliza mpaka nyangumi akapona, zamu haikusomwa, wakaenda mferejini. Siku ya tatu walikwenda na majembe. Siku ya tano Hemedi alirudi nyumbani ameloa kiunoni mpaka miguuni. Alikuwa ameingia katikati ya Ngereza na Kibibi Magoma, jirani wa miaka yote, ambao kila mmoja alikuwa ameambiwa zamu na shemeji yake.

"Leo walinisikiliza," alisema. "Kesho sijui." Na mkono wake ulipanda wenyewe mpaka utosini, ukashuka. Chausiku aliuona mkono ule. Uchungu ulimpanda, na ndani ya uchungu huo akaona dhahiri kwamba hana tena cha kuogopa zaidi ya hicho.

*

Saa kumi jioni taa nyekundu iliwaka. Nchi nzima ikatulia. Maji yalipita, kuku aliyeandikishwa akatembea. Chausiku alivuta kipaza sauti, akatoa karatasi ya ushirika, akasoma kwa sauti ile ile ya miaka tisa, ya chini, isiyo na haraka.

"Zamu za maji za kesho. Alfajiri mpaka saa tatu, Ngereza, kilango cha juu. Saa tatu mpaka adhuhuri, Kibibi Magoma. Adhuhuri mpaka alasiri, watoto wa marehemu Pazi. Alasiri mpaka giza, Mwanaidi binti Shomvi. Aliyekosa ni Jumatano."

Kidawa wa Pili alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemtoka. Kupiga kelele hakuweza, kwani angeichafua hewa ya taifa na yeye ndiye mlinzi wake. Kukata waya hakuweza, kwani waraka unasema hakikatwi, na ukikata unaleta kimya kisichoidhinishwa, ambacho ni kosa. Alipunga mikono. Akaandika kikaratasi: *Tafadhali mama.* Chausiku alikisoma, akaitikia kwa kichwa kwa adabu zote, akarudia zamu mara ya pili kwa waliokuwa mbali na redio.

Kesho yake hakuna aliyebeba jembe ila wa kulima.

Kamati ya watu watano iliitwa kwa dharura. Walisikiliza marudio. Walijua vizuri kwamba wakikiri yale ni maneno, watakuwa wamekiri kuwa wameirushia nchi tangazo la mtaa, kosa lao. Wakajadili siku mbili, na mwenyekiti akatoa hukumu: kwa kuwa yaliyosomwa hayamsifu mtu, hayamlaumu mtu wala hayamshukuru mtu, kisheria si maneno. Ni sehemu ya mazingira, pamoja na kuku. Yaendelee.

Basi yakaendelea. Kila jioni, katika vituo sitini na vitatu, nchi nzima ilijua nani Lambo anafungua kilango kesho. Watu wasiowahi kuiona Lambo walimwonea huruma Mwanaidi binti Shomvi zamu yake ilipoangukia siku ya harusi. Chausiku alilala usingizi mzuri wiki saba.

Wiki ya nane ilikuja barua. Ilitoka mahali panapoitwa Kavuni, kaskazini kabisa, imeandikwa kwa mwandiko wa shule na kutiwa alama za vidole thelathini na moja. Hemedi aliisoma kwanza, kisha akampa dada yake. Saa kumi ilikuwa karibu. Taa ilipowaka, Chausiku alisoma zamu za Lambo kama kawaida. Kisha akainuka, akalifunga dirisha la upande wa mfereji, akasukuma na komeo, kwa sababu asingeweza kuwasomea watu wale barua yao huku maji yakisikika nyuma. Akaketi, akasoma.

"Kwa mama anayesoma zamu. Hatujambo. Hapa Kavuni tunasikiliza kila jioni bila kukosa. Mabomba tuliletewa mwaka wa uchaguzi, yapo, tunayafuta vumbi. Tulidhani maji hakuna. Sasa tumesikia kwamba yapo na yanagawiwa kwa zamu, tukafurahi sana, na hatutaki kumruka mtu. Tunaomba tu kuuliza, kwa heshima: zamu yetu ni lini?"

Akakunja barua. Zilibaki dakika arobaini, na Chausiku hakuongeza neno. Hapakuwa na maji wala kuku wala mpini wa jembe. Kidawa wa Pili alivua kofia yake, akaketi sakafuni.

Saa ilipokwisha tu, simu iliita. Alikuwa Bwana Tamimu, na safari hii nyuma yake hapakusikika redio hata moja.

"Bi Chausiku," alisema, "kamati inauliza. Baada ya ile barua kulikuwa na kimya kirefu ambacho hatukitambui. Si kile tulichokubali. Kile ni kimya gani?"

"Kile si cha Lambo, mheshimiwa," alisema Chausiku. "Kile ni chenu. Mimi nimewarushia tu, bure."